Mbuzi wa Daftari la Hesabu

Dada Konsolata,

Shikamoo. Hali zenu nitaziuliza baadaye kidogo, kwa sababu nikianza na salamu nitazunguka mpaka karatasi iishe. Wewe unanijua. Mwishowe nitaifunga barua bila kusema lililonifanya nichukue kalamu. Kwa hiyo nalisema kwanza: mimi ndiye niliyemnyang'anya Aika kalamu. Hakuna aliyenituma. Mama yake anadhani ni yeye aliyeniamuru, na Aika mwenyewe amesahau ilivyoanza, lakini mimi nakumbuka. Kwa ajili hiyo mbuzi mzima amechinjwa hapa, watu wamepiga vigelegele, na mimi nimepewa kipande cha heshima ambacho hadi leo nikikikumbuka mdomo unajaa mate, yale mate ya mtu anayetaka kutapika. Sijamwambia mtu yeyote.

Sasa nambie, mgongo wa mama umepata nafuu? Baba ameacha kubeba magunia peke yake? Na mwanao ameshaanza kusimama au bado anatambaa kinyumenyume? Mimi ni mzima wa mwili. Baridi ya huku mlimani ni kama ya kwetu Mbinga, ila hapa kuna manyunyu yanayokaa siku nzima bila kuwa mvua wala kuacha kuwa mvua, na nguo hazikauki. Sikupiga simu kwa sababu simu ya baba ikilia nyumba nzima huizunguka kama chungu cha maharage, na yeye huweka sauti kubwa ili hata jirani afaidi. Barua hii anakuja nayo mama mmoja wa kanisani anayekuja huko Mbinga kumwangalia binti yake aliyejifungua. Ameahidi kukuletea mkononi, pale pale kwenye cherehani yako.

Nyumba ninayokaa unaifahamu kwa maneno tu. Babu Anaeli ndiye yule bwana shamba aliyeishi kwetu zamani akiwafundisha akina baba kupogoa mibuni. Amestaafu, amerudi kwenye kihamba chake, shamba la ukoo la migomba na kahawa juu ya mji wa Moshi. Binti yake, Mama Aika, ana duka la vitenge Majengo, mjini. Anashuka asubuhi na kupanda jioni, amechoka na hataki maswali. Aika ni mwanawe wa pekee, yuko kidato cha pili, na mwezi wa kumi na moja ana ule mtihani wa taifa ambao ukiufeli unarudia darasa. Niliposhindwa kuchaguliwa kidato cha tano, Babu alimwambia baba: mlete binti huku, anajua hesabu, amsaidie mjukuu wangu, na mwakani mimi nitamsaidia aingie chuo cha ualimu. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu. Kumsaidia mtoto mmoja hesabu. Haikuwa kulima wala kukata majani ya ng'ombe, ingawa hayo pia nafanya.

Jioni ya kwanza tulikaa jikoni, mimi na Aika, na swali lilikuwa hili: baba ana umri mara tatu ya mwanawe. Baada ya miaka kumi na miwili atakuwa na umri mara mbili ya mwanawe. Mtoto ana miaka mingapi sasa? Unajua ninavyoyapenda maswali ya namna hiyo. Nilimwambia umri wa mtoto tuuite x, basi wa baba ni 3x. Baada ya miaka kumi na miwili mtoto atakuwa x + 12, baba 3x + 12. Aika aliandika vizuri mpaka hapo, ulimi nje kama mtoto anayefuma. Kisha ilibidi aandike kwamba baba ni mara mbili ya mtoto. Akaandika 3x + 12 = 2x + 12. Ile mbili aliizidisha kwa x peke yake, kumi na mbili akaiacha kama ilivyo. Akaendelea, akapata x ni sifuri. Akaangalia daftari, akacheka.

"Dada Odi, huyu mtoto hajazaliwa!"

"Rudia."

"Na baba yake naye hajazaliwa. Mara tatu ya sifuri ni sifuri. Sasa nani aliandika hili swali?"

Dada, pale ndipo ningekuwa mwalimu. Mtoto alikuwa ameliona kosa kwa macho yake mwenyewe na alikuwa anacheka. Kilichobaki kilikuwa kumwacha arudi nyuma hatua moja moja mpaka aikute ile kumi na mbili iliyosahauliwa. Lakini alikuwa anaizungusha kalamu vidoleni, taratibu, taratibu, na mimi nilikuwa nimeshaliona jibu, lilikuwa linaniwasha mkononi. Nikamchomolea kalamu. Nikaandika 2x + 24, nikavusha, nikapata kumi na mbili, mtoto ana miaka kumi na miwili na baba thelathini na sita, nikapiga mistari miwili chini kwa rula.

"Kwa nini mbili imeingia kote kote?" akauliza.

"Andika tu. Utaelewa baadaye."

Hayo ndiyo maneno yangu. Nikiyakumbuka najisikia kama mtu aliyekanyaga kitu laini gizani.

Kesho yake nilifanya tena hivyo hivyo, na kesho kutwa. Baada ya wiki mbili Mama Aika akatukuta, akasema kwa kuchoka, "Odilia, mwandikie pembeni, yeye atanakili, mtoto apumzike." Akadhani ametoa amri. Mimi nikafurahi kuwa na mtu wa kumsingizia. Tangu hapo nilifanya maswali yote kwenye karatasi, Aika akanakili kwa mwandiko wake mzuri wa duara, vema za mwalimu zikaja, nami nikazifurahia. Hilo ndilo linalonitia kinyaa kuliko yote. Aika akirudi kutoka shule nilikuwa nalifungua begi lake kabla hajavua viatu, nizione vema zangu.

Alinakili kila kitu. Mimi alama ya sawasawa huiita daraja, kwa hiyo siku moja pembeni ya karatasi nilimwandikia, "Aika, ukivuka daraja badilisha alama," kumkumbusha kwamba kujumlisha kukihamia upande wa pili kunakuwa kutoa. Naye akainakili hiyo pia, neno kwa neno, na jina lake mwenyewe. Mwalimu wake akaweka vema na kuandika kwa wino mwekundu: Vizuri, endelea kujikumbusha. Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Aika naye alicheka, lakini kidogo, huku ananitazama.

Babu hajui aljebra. Anajua kuhesabu vema. Kila Jumapili alikuwa anavaa miwani, analifungua daftari, anazigusa vema moja moja kwa kidole, na mwisho anasema jumla. Mwezi wa sita akatangaza mezani: daftari likijaa kuanzia jalada hadi jalada bila mkasi hata mmoja wa mwalimu, ile alama ya kukosa, anachinja beberu. Tulikuwa tumebakiza kurasa kumi na moja. Dada, ningeweza kuacha mkasi mmoja uingie. Kosa moja dogo la makusudi na beberu angekuwa hai leo. Niliwaza hivyo, nikashindwa. Sikutaka kupata kosa.

Beberu alichinjwa Jumapili baada ya ibada. Kwao mbuzi hakatwi ovyo ovyo, kila kipande kina mwenyewe, na wazee wakikosea kugawa maneno yake husikika mwaka mzima. Asubuhi ile nilishika kisahani cha damu kwa ajili ya kisusio, mchuzi wa mbuzi wanaouchanganya na damu, na mvuke wake ukaniingia kwenye nywele. Jirani, Mzee Ndesario, alipewa shingo. Akina mama walipata mbavu. Babu akachukua kidari, akakiweka kwenye sahani ya peke yake, akasimama mbele ya watu wote, na mimi nikajua anakuja kwangu, nikatamani ardhi inimeze.

"Kidari hiki," akasema, "kingekuwa cha mkubwa wa ukoo. Leo mkubwa wa ukoo anampa mwalimu wa mjukuu wake. Binti amekuja toka mbali, hana maneno mengi, lakini oneni kazi yake."

Akalinyanyua lile daftari. Vidole vyake vilikuwa na mafuta, na ukurasa ule wa mtoto wa miaka kumi na miwili ukabaki na alama ya dole gumba, ng'aring'ari, juu kabisa ya vema. Vigelegele vikapigwa. Aliyepiga kuwashinda wote ni Mama Aika, anayejua. Alinitazama huku anapiga.

Nilitia nyama mdomoni. Ilikuwa laini, imeiva vizuri, ina chumvi. Nikaitafuna ikagoma kushuka, nikaisogeza shavu hili, nikaisogeza shavu lile, ikawa kama pamba iliyolowa mafuta.

Mzee Ndesario akafuta mikono kwa jani la mgomba. Yeye ni mtu wa utani, hana ubaya. "Anaeli, tumekula. Sasa tuuone huo ubongo uliotuletea nyama!"

"Muulize chochote," Babu akasema.

"Mimi nitajua nini? Uliza mwenyewe, wewe msomi."

Babu akafikiri, akaangalia pale uani ambapo amelundika mbao. "Haya, mjukuu wangu. Hizo mbao nikiziunga zote ni mita kumi na sita. Nataka nitengeneze kichanja cha kuanikia kahawa, mbao zizunguke pande zote nne. Urefu uzidi upana kwa mita mbili. Upana uwe mita ngapi?"

Hilo ni swali la daftari lile lile, ukurasa wa ishirini na kitu. Aika akasimama. Alikuwa amevaa gauni jipya la kitenge toka dukani kwa mama yake. Akanitazama mimi, na mimi, Dada, nikatazama sahani. Mbwa akasikika akitafuna mfupa. Kisha Aika akasema kwa sauti ya darasani:

"Ukivuka daraja, badilisha alama."

Watu wakapiga makofi. Mzee Ndesario akapiga goti lake kwa furaha. "Sikilizeni hiyo! Ndiyo elimu hiyo! Anaeli, umepata mbuzi, umepata na methali!" Na Babu akacheka, akasahau kwamba hajajibiwa upana ni mita ngapi. Mama Aika akasema haraka haraka, "Jamani mtoto mwacheni ale." Nikaenda nyuma ya migomba kana kwamba nafuata maji, nikatema. Mbwa akakila kidari cha mwalimu.

Alasiri nilikuwa nasugua masufuria kwenye mfereji unaopita mwisho wa kihamba. Mafuta ya mbuzi kwenye maji baridi yanaganda, yanashika kwenye kucha, unasugua kwa majivu na bado. Aika akaja, amevua lile gauni. Akachuchumaa ng'ambo ya mfereji.

"Dada Odi, ile ya kichanja inafanywaje?"

Mkono wangu ukatoka majini wenyewe kutafuta kijiti cha kuandikia. Nilipouona nikaurudisha kwenye sufuria, nikaushikilia kwa ule wa pili.

"Sijui," nikasema. "Anza wewe."

"Unajua!"

"Ninajua ila sisemi. Kijiti hicho hapo."

"Umekasirika kwa sababu nimekuaibisha?"

"Sijakasirika na wewe, Aika."

Akachukua kijiti akachora mstatili kwenye tope. Upande mfupi akauandikia x. Upande mrefu akakaa nao sana, kisha akaandika x + 2. Akaandika pande nne, x na x + 2 na x na x + 2, akazihesabu kwa kidole kama Babu anavyohesabu vema: 4x + 4 = 16. Nilikuwa nimeacha kusugua. Halafu akaivusha ile nne kwenda upande wa pili, na, Dada, hakubadilisha alama! Yeye aliyetunga methali. Akaandika 4x = 20, x = 5.

Niliuma mdomo wa chini mpaka ukauma kweli. Hakuna kazi ngumu niliyowahi kufanya, hata kupalilia matuta ya baba kiangazi, kama kunyamaza pale.

"Upana mita tano," akasema. Akaningoja. Nikasugua. "Urefu saba. Sawa?"

"Sijui. Babu ana mbao mita ngapi?"

Akajumlisha kwa sauti. "Tano, saba, kumi na mbili... tano, kumi na saba... saba, ishirini na nne." Akasimama ghafla. "Dada Odi, mbao hazitoshi! Babu itabidi akaibe za Mzee Ndesario!"

Akacheka kile kicheko cha siku ya kwanza, cha mtoto ambaye hajazaliwa. Sikuwa nimekisikia tena tangu siku ile nilipomchomolea kalamu. Akafuta kwa kisigino, akarudi hatua moja, akarudi nyingine, akaliona daraja. 4x = 12. Upana tatu, urefu tano. Tatu, tano, tatu, tano, kumi na sita. Ilimchukua muda mrefu hata masufuria yote yakaisha, na mimi nikayarudia yaliyo safi ili nisiondoke.

Tangu siku hiyo sijaandika hata hatua moja. Tunakaa jikoni, yeye anaandika, mimi namenya ndizi na kuuliza, "Mbao zinatosha?" Basi. Zoezi la kwanza alilofanya mwenyewe alipata tatu kati ya kumi. Mikasi saba kwenye daftari jipya, ukurasa wa kwanza. Mama Aika aliniita chumbani akasema, "Nimekuweka hapa unywe chai? Mwandikie kama zamani." Nilimwambia sitaandika. Ikabidi niseme mara mbili. Hajui afanye nini na mimi, kwa sababu akinifukuza itabidi amweleze baba yake sababu.

Lakini Babu hajui lolote. Jumapili alivaa miwani, akafungua, kidole chake kikatafuta vema kikakuta mikasi. Akahesabu hiyo pia, polepole. Akavua miwani, akasema, "Binti, kidari changu ulikila bure?"

Ningetamani anitukane.

"Samahani, Babu."

"Uchovu huo, au umeshapata rafiki huko mjini?"

"Hapana, Babu. Nitajitahidi."

Amesema atampigia baba. Na lile la chuo cha ualimu hajalitaja tena.

Utaniuliza kwa nini nisimwambie ukweli. Nimeuwaza kila siku. Mbuzi ameshaliwa, na walioalikwa walikula nyama ya jina la Aika. Nikisema leo, ataingia kwenye chumba cha mtihani akiwa mtoto aliyelisha uongo ukoo mzima, na kila mzee aliyepewa mfupa atamuuliza njiani. Ndiyo kwanza ameanza kucheka tena akikosea. Wiki iliyopita amepata tano kati ya kumi, na mikasi mitano ile tuliikalia mmoja mmoja mpaka akajua kila mmoja ulizaliwa wapi. Sijui kama muda utatosha. Kuna siku naona utatosha, na kuna siku anasahau tena ile ya kuzidisha kote kote. Ila siku atakayoweka kalamu chini kwenye karatasi ya mwisho ya mtihani wake, nitakwenda kwa Babu mimi mwenyewe, nipige magoti, nimwambie vema zile zilikuwa za nani. Daftari lile lenye dole gumba la mafuta amelihifadhi ndani ya kabati, pamoja na Biblia. Kila nikipita pale najisikia kama nanuka.

Msalimie mama, mwambie nakula vizuri, mtori wa huku, ule mchuzi wa ndizi na nyama, ni mzito na unatia joto. Msalimie baba. Msalimie bibi, mzaa mama, umwambie soksi zake ndizo zinazoniokoa. Shemeji naye mpe salamu, na mwanao mbusu nyayo zote mbili.

Simu ya Babu itafika kwenu labda kabla ya barua hii. Baba ataweka sauti kubwa na wote mtasikia kwamba Odilia amekuwa mvivu. Mama atasema haiwezekani, na atakugeukia wewe. Tafadhali, Dada, usinitetee. Usimwambie hata yeye, wala shemeji, mpaka mtihani upite. Endelea na cherehani yako, useme tu, "Mbona alikuwa hivyo tangu zamani."

Mdogo wako,
Odilia